Viza ya utalii ya India kwa njia ya mtandao: jaza mwenyewe ukiwa Nairobi

Nina saiba ndogo Ngara. Karibu kila wiki mtu huingia, huvuta kiti na kuuliza viza ya India inajazwa wapi. Mwingine huja na picha iliyokataliwa mara tatu, hajui kosa lake. Mwingine, na huyu ndiye huniuma zaidi, huja ameshalipa, kumbe aliowalipa si serikali ya India bali ni watu waliojipachika katikati. Nimeyajibu maswali haya kwa mdomo muda mrefu. Nayaandika sasa ili aliyeko Rongai, Githurai au Kayole ajaze mwenyewe kwa utulivu, bila wakala.

Jambo moja lishike kabla ya mengine. Ombi lako halisomwi na mtu anayekujua. Linasomwa na mashine na afisa ambao kitu chao cha kulinganishia ni kimoja tu: pasipoti yako. Ulichoandika kikitofautiana na pasipoti, hata kwa herufi moja, hilo ni kosa. Wengi waliorudi kwangu na shida walijikwaa hapo, na wengi wao walikuwa na haraka.

Je, viza hii ndiyo yako?

Mwenye pasipoti ya Kenya anahitaji viza kuingia India, na Kenya imo katika orodha ya nchi ambazo raia wake wanaweza kuiomba mtandaoni. Viza ya utalii ni ya kutembea na kuona nchi, kutembelea ndugu au marafiki, au kuhudhuria mafunzo mafupi ya yoga.

Nalisema hili mapema kwa sababu Wakenya wengi wanaokwenda India hawaendi kutalii. Kama unampeleka mama hospitali Chennai au New Delhi, yeye anaombewa viza ya matibabu, na wewe unaomba ya msindikizaji wa mgonjwa. Mgonjwa mmoja huruhusiwa wasindikizaji wasiozidi wawili. Zote zinaombwa kwenye tovuti ileile, unabadilisha tu aina. Tafadhali usimwombee mgonjwa viza ya utalii kwa kuwa umesikia ni rahisi. Akifika kule hawezi kuigeuza iwe ya aina nyingine, na hapo tayari ni mgonjwa, yuko ugenini, na siku zinahesabika.

Mfanyabiashara wa Eastleigh au Kamukunji anayefuata vitambaa au mashine ataomba ya biashara. Mhubiri aliyealikwa kwenye mkutano wa injili asidhani ya utalii inamtosha. Kuhubiri hakumo katika ruhusa hiyo, aulize kwanza ubalozi wa India hapa Nairobi.

Halafu kuna mkanganyiko wa jina. Kibali unachotumiwa na India huitwa ETA. Tangu Januari 2024 Kenya nayo ina eTA yake, lakini ile ni ya wageni wanaoingia Kenya. Wewe unayetoka Nairobi kwenda Mumbai haikuhusu. Nimewahi kumkuta kijana amejaza nusu ya fomu ya Kenya akidhani anaomba ya India.

Vitu vya kuwa navyo mezani kabla hujaanza

- Pasipoti yenye angalau miezi sita ya uhai kuanzia siku utakayofika India, na kurasa mbili tupu za kugongewa mihuri. Ikiwa imebakiza muda mfupi, anza na pasipoti mpya kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali ya Kenya, viza ifuate baadaye.
- Picha yako katika faili ya JPEG, na ukurasa wa pasipoti wenye picha katika faili ya PDF. Vipimo viko katika hatua ya pili.
- Barua pepe yako mwenyewe, unayoifungua kwa simu yako na nywila unayoikumbuka. Si ya binamu wala ya mwenye saiba.
- Kadi ya Visa au Mastercard inayokubali malipo ya mtandaoni.
- Majina kamili ya baba na mama, mahali walikozaliwa na uraia wao.
- Jina, anwani na simu ya mahali utakapofikia India, na za mtu mmoja wa Kenya anayeweza kukudhamini.
- Kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano. Fomu inaweza isikuzuie bila hiyo, lakini utakapotua itakuzuia. Nitaieleza mbele.

Kila msafiri ana ombi lake, hata mtoto anayebebwa mgongoni. Familia ya watu watano ni fomu tano na malipo matano.

Hatua

1. Fungua tovuti ya kweli.

Anwani ni indianvisaonline.gov.in/evisa. Iandike mwenyewe kwa mkono kwenye sehemu ya anwani. Usitafute "viza ya India" kisha ubofye tokeo la kwanza, kwa sababu matokeo ya juu mara nyingi ni matangazo ya kulipiwa. Tovuti hizo zina bendera, zina picha ya Taj Mahal, zina hata neno la serikali katika jina, lakini anwani yao huishia kwa .com au .org. Ya serikali ya India huishia kwa .gov.in. Angalia mwisho wa jina la tovuti, kabla ya mkwaju (/) wa kwanza. Watu hawa wa katikati wakati mwingine hukuombea viza kweli, ila kwa bei kubwa kuliko ada yenyewe, na taarifa zako zote za pasipoti zinabaki kwao. Wengine hupokea pesa na kunyamaza.

2. Tengeneza picha na skani kabla ya kugusa fomu.

Hapa ndipo muda mwingi hupotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Picha inatakiwa iwe ya mraba, urefu sawa na upana. Studio nyingi za mjini hukupigia ya kimo kirefu, ile ya kawaida ya kubandika kwenye fomu. Mwambie mpiga picha tangu mwanzo kwamba unataka ya mraba, mandhari meupe, bila fremu, akutumie faili lenyewe. Usikubali kupewa vipande vya karatasi kisha uvipige picha tena kwa simu. Hapo kivuli na ukungu huingia. Vua miwani. Tazama mbele, macho wazi, uso wote uonekane kutoka kidevuni hadi kwenye paji. Aliyejifunga kitambaa cha dini kichwani anaruhusiwa, mradi uso usifunikwe wala usiwe na kivuli. Faili iwe kati ya KB 10 na MB 1.

Kuna kosa ambalo sioni likiandikwa popote: picha iliyotumwa kwa WhatsApp kama picha ya kawaida hubanwa na kupoteza ubora. Mwambie akutumie kama hati, au kwa barua pepe.

Ukurasa wa pasipoti unaotakiwa ni ule wenye picha na maelezo yako. Uwe PDF, kati ya KB 10 na KB 300. Uskani kwa mashine, usiupige kwa simu chini ya taa, maana ukurasa huo unang'aa na mng'ao hufuta herufi. Mistari miwili ya chini yenye alama za <<< lazima ionekane yote. Faili likizidi KB 300, mwombe mwenye saiba aliskani upya kwa ubora wa chini kidogo. Kisha lifungue ujisomee mwenyewe: kama wewe huwezi kuisoma nambari ya pasipoti, afisa naye hataweza.

Ukitumia kompyuta ya saiba, futa faili hizi ukimaliza na uondoke kwenye barua pepe yako. Mimi huwakumbusha wateja wangu, lakini si kila mtu atakukumbusha.

3. Chagua muda wa viza na tarehe.

Viza ya utalii ya mtandaoni iko ya siku 30, ya mwaka mmoja, na ya miaka mitano. Ya siku 30 inakuruhusu kuingia mara mbili; hizo nyingine ni za kuingia mara nyingi. Ya siku 30 huombwa ndani ya siku 30 kabla ya kufika, si mapema zaidi. Ukiwa na miezi miwili mbele yako, kalenda haitaikubali tarehe yako, na si kwamba kompyuta imeharibika. Za mwaka na miaka mitano unaweza kuziomba siku 120 kabla. Kwa zote, ombi liwe limeingia si chini ya siku nne kabla ya kufika. Ushauri wangu: usikaribie hizo nne. Wiki mbili kabla ya safari ni muda mzuri. Likitokea la kurekebisha, utakuwa na nafasi.

Panapoulizwa uwanja wa ndege wa kufikia, andika ule wa India utakaopitia uhamiaji. Tiketi ya kupitia Addis Ababa au Dubai haibadilishi kitu. Kinachoulizwa ni Mumbai, Delhi, Kochi au kwingineko ndani ya India. Viza ya mtandaoni haikubaliwi katika kila mpaka, ila katika vituo vya kuingilia vilivyoorodheshwa. Kama mji wako haumo kwenye orodha hiyo, panga safari upya kabla ya kulipia tiketi.

Tarehe zinaanza na siku, kisha mwezi, kisha mwaka, kama tunavyoandika hapa.

Baada ya ukurasa wa kwanza utapewa nambari ya muda ya ombi. Iandike kwenye karatasi papo hapo. Umeme ukipotea au bando likiisha, nambari hiyo ndiyo itakayokurudisha ulipoishia.

4. Jaza majina na taarifa za pasipoti.

Fungua pasipoti uiweke kando ya kioo. Usijaze kwa kumbukumbu, hata jina lako mwenyewe.

Fomu ni ya Kiingereza. Panapoandikwa "Surname" weka jina la ukoo kama lilivyo kwenye pasipoti. Panapoandikwa "Given Name" weka yote mengine, kwa mpangilio uleule, kama ni mawili yawe mawili. Sisi Wakenya tunapenda kutumia majina mawili tu kati ya matatu. Kazini wewe ni Grace Atieno, kanisani Mama Brian, lakini kwenye fomu wewe ni kile pasipoti inachosema. Mimi mwenyewe, mara ya kwanza kabisa kujaza ombi langu, niliweka jina la ukoo kwenye nafasi ya jina la kwanza na la kwanza kwenye nafasi ya ukoo. Kibali kikaja kimegeuzwa hivyo hivyo. Nikaomba upya na kulipa upya, kwani ada hairudishwi.

Wenye majina kama Ng'ang'a, Wang'ombe au Nyong'o huniuliza kuhusu kile kialama cha juu. Tazama mistari miwili ya chini ya pasipoti: pale jina limeandikwa bila kialama, NGANGA. Fomu ikikataa kialama, fuata jinsi ilivyo pale chini.

Nambari ya pasipoti isome mara mbili. Huanza na herufi kisha tarakimu, na watu huandika O badala ya sifuri. Nambari ya kitambulisho cha taifa weka ya kitambulisho chako cha Kenya. Wakiuliza alama ya mwilini, andika kovu au baka linaloonekana. Kama huna, sema huna. Dini na kiwango cha elimu unachagua tu katika orodha.

Usiandike tarehe ya kutolewa kwa pasipoti mahali pa tarehe ya kuisha. Nimeliona kosa hili zaidi ya unavyofikiri, kwa sababu tarehe hizo zimekaa karibu na zinafanana.

5. Jaza taarifa za familia na kazi.

Baba na mama wote wanaulizwa hata kama wamefariki. Andika majina yao. Hakuna mahali pa kuandika marehemu na hapahitajiki. Mahali pa kuzaliwa ni mji au wilaya, kwa mfano Murang'a au Kisii, usihangaike kutafuta kijiji. Kuna swali la kama wazazi au babu na bibi zako walikuwa raia au wakazi wa Pakistan. Kwa wengi wetu jibu ni hapana. Kama ni ndiyo, lijibu kwa ukweli.

Kwenye kazi, mama mboga ameajiriwa? Amejiajiri. Andika hivyo, pamoja na mahali anapofanyia biashara. Mtu asione haya hapa wala asijitungie kampuni. Fomu haitafuti cheo chako, inatafuta ukweli unaolingana.

6. Jaza safari na wadhamini.

Taja miji utakayotembelea. Agra na Jaipur zinatosha kama ndiko unakokwenda. Usiorodheshe India nzima.

Wanauliza nchi ulizotembelea miaka kumi iliyopita. Hapa Wakenya hutaja Dubai na kusahau Tanzania na Uganda, kwa kuwa tulivuka Namanga au Busia kama tunaokwenda sokoni. Zile ni nchi. Zitaje. Swali la kama umewahi kunyimwa viza au kurudishwa nalo lijibu kwa kweli.

Mdhamini wa India anaweza kuwa hoteli: jina, anwani, simu. Kama unafikia kwa rafiki, weka yake, na umwambie kabla ili asishangae akipigiwa. Mdhamini wa Kenya awe mtu anayeishi hapa na anayepokea simu. Si mwenzako mnayesafiri naye.

Mwishoni kuna maswali kadhaa ya ndiyo na hapana kuhusu makosa ya jinai na usalama. Yasome moja moja.

7. Pakia faili, kisha usome yote upya.

Pakia picha. Mfumo utakuonyesha fremu ya kukatia. Hakikisha kichwa chote kimo na kiko katikati. Pakia PDF.

Kisha utaletewa muhtasari wa kila ulichojaza. Usibofye mbele bado. Mwite mtu mwingine, hata mtoto wa darasa la sita, ashike pasipoti, wewe usome kwa sauti kilicho kwenye kioo naye afuatishe kwa kidole. Jina, jinsia, tarehe ya kuzaliwa, nambari, tarehe ya kutolewa, tarehe ya kuisha. Ni dakika mbili tu. Ukishawasilisha na kulipa, huwezi kurekebisha.

8. Lipa.

Ada hutegemea uraia wako na muda wa viza. Jedwali lake liko kwenye tovuti hiyohiyo, limepangwa kwa nchi. Litafute jina la Kenya ulisome kabla, ili kiasi kitakachotokea kisikushtue. Juu yake huongezwa gharama ndogo ya benki.

Huwezi kulipa kwa kutuma M-Pesa kwenye namba ya simu. Mtu akikwambia utume ada ya viza ya India kwa namba ya simu, acha hapo hapo. Unachoweza kufanya ni kufungua ndani ya M-Pesa ile kadi ya Visa ya mtandaoni iitwayo GlobalPay, uweke pesa kwenye akaunti yako ya M-Pesa, na utumie nambari za kadi hiyo. Kadi ya benki nayo inafaa, ila benki nyingi huifunga kwa malipo ya mtandaoni mpaka uiombe ifunguliwe. Piga simu benki siku moja kabla. Acha salio lenye nafasi kidogo juu ya ada, kwa sababu dola hubadilishwa kwa bei ya benki, si ile uliyoiona kwenye habari.

Baada ya kubofya, tulia. Usirudi nyuma, usifunge ukurasa, usibofye tena.

9. Subiri na ufuatilie.

Utapata barua pepe yenye nambari ya ombi. Majibu mara nyingi huja ndani ya siku tatu, wakati mwingine huchelewa. Usingoje barua tu: kwenye tovuti kuna sehemu ya kuangalia hali ya viza, unaingiza nambari ya ombi na nambari ya pasipoti. Unachotafuta ni neno "Granted". Mpaka uone neno hilo, huna viza, hata kama umelipa na una risiti.

Kibali kikifika, kifungue ukisome tena mbele ya pasipoti, jina na nambari.

Kisha soma tarehe, na hapa nakuomba uwe makini. Kwa viza ya siku 30, tarehe ya mwisho iliyoandikwa kwenye kibali ni siku ya mwisho ya kuingia India. Siku zako 30 zinaanza kuhesabiwa ukifika. Kwa viza ya mwaka au miaka mitano, hesabu inaanza siku kibali kilipotolewa. Watu hufuta safari nzuri kwa kuchanganya haya mawili, na wengine hukaa kupita kiasi kwa sababu hiyohiyo.

10. Jiandae kwa uwanja wa ndege.

Chapisha kibali kwenye karatasi, nakala mbili. Simu huzima. Beba tiketi ya kurudi na uthibitisho wa mahali pa kulala.

Kadi ya njano: India iko kali sana kwa wasafiri wanaotoka nchi zenye hatari ya homa ya manjano, na Kenya imo. Asiye na cheti halali anaweza kutengwa hadi siku sita baada ya kutua. Cheti huanza kuwa halali siku ya kumi baada ya kuchanjwa, kwa hiyo sindano ya wiki ya safari haikusaidii. Uzuri ni kwamba dozi moja sasa inatambuliwa maisha yako yote. Kama ulichanjwa zamani, tafuta kadi ile nyumbani kabla ya kuchanjwa tena. Chanjwa katika kituo kinachotambuliwa, kigonge muhuri. Kuna wanaouza kadi bila sindano mjini. Usiinunue, kwa afya yako na kwa usalama wako mbele ya afisa.

Tangu Oktoba 2025 kuna pia kadi ya kuwasili inayojazwa mtandaoni, bila malipo, ndani ya saa 72 kabla ya kufika. Iko kwenye tovuti hiyohiyo ya serikali. Si viza, na haichukui nafasi ya viza.

Ukitua, fuata mabango ya viza za mtandaoni. Watakuchukua alama za vidole na picha, kisha watagonga muhuri. Soma tarehe ya muhuri kabla ya kuondoka dirishani.

Mambo yakikwama

*Ukurasa umejifunga katikati ya fomu.* Ukikaa kimya muda mrefu mfumo hukutoa. Rudi ukurasa wa mwanzo, chagua kuendelea na fomu iliyojazwa nusu, weka ile nambari ya muda. Kama hukuiandika, utaanza upya.

*Pesa zimekatwa lakini hali inaonyesha hujalipa.* Subiri saa mbili kabla ya kujaribu tena. Benki na mfumo wa malipo huchelewa kuongea. Wanaobofya papo hapo hulipa mara mbili.

*Kadi imekataliwa.* Mara nyingi ni moja kati ya mambo matatu: kadi haijafunguliwa kwa malipo ya mtandaoni, salio limepungua kidogo, au ujumbe wa kuthibitisha ulikwenda kwenye laini ya zamani ya simu. Angalia hayo kwa mpangilio huo.

*Picha au skani imekataliwa baada ya kulipa.* Hii haimaanishi umenyimwa. Utatumiwa barua pepe ya kukutaka upakie upya, na kwenye tovuti kuna sehemu ya kupakia tena. Fanya siku hiyohiyo.

*Nimegundua kosa baada ya kulipa.* Kama ni jina, nambari ya pasipoti au tarehe ya kuzaliwa, jaza ombi jipya na ulipe tena. Najua inauma. Lakini kuzuiwa kaunta ya uwanja wa ndege wa JKIA na tiketi mkononi kunauma zaidi.

*Barua pepe haijaja.* Tafuta kwenye folda ya barua taka, kisha angalia hali kwenye tovuti. Kama tovuti inasema "Granted", unaweza kupakua na kuchapisha kutoka hapo hapo. Inawezekana uliandika barua pepe yako vibaya.

*Nimenyimwa.* Ada haitarudi, na mara nyingi hutaambiwa sababu. Usijaze tena usiku uleule ukiwa na hasira. Toa nakala ya ulichowasilisha, kipitie ukiwa na pasipoti, tafuta kilichotofautiana. Usipoona kosa lolote, chukua nakala hiyo na pasipoti uende kwa wahudumu wa viza wa ubalozi wa India uulize njia ya kuomba viza ya kawaida ya karatasi, ile inayobandikwa ndani ya pasipoti.

*Muda wa safari umebaki siku tatu na sijaomba.* Sogeza tarehe ya tiketi. Hakuna mtu Nairobi, si mimi wala anayekuahidi kwa simu kwamba ana mjomba ndani, anayeweza kuharakisha ombi lililo mikononi mwa serikali ya India.